Sura ya Tano: Gesi ya AC Haiishi, Inavuja

Wenye magari ya zamani hawachoki kuuliza swali hili: "Nilijaza gesi ya AC mwezi wa tatu, leo inatoa joto tena. Nijaze nyingine?" Wengi wao wanaendesha Toyota zilizotoka kiwandani kati ya mwaka 1996 na 2005, zikatumika Japani, kisha zikapanda meli kuja Dar es Salaam au Mombasa: Corolla, Mark II, Noah, RAV4, IST. Injini za magari haya ni ngumu, zinadumu kuliko mipira, swichi na balbu zinazozizunguka. Ndiyo maana kero za gari kuukuu hujikusanya mbele ya dereva. AC haipoozi, mshale wa mafuta umelala, taa moja haizimiki na nyingine haijawahi kuwaka tangu gari linunuliwe.

Jibu la swali ni hapana, usijaze. Gesi ya AC hailiwi na injini wala haichakai. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ile ile inarudi kuzunguka tena. Ikipungua ndani ya miezi michache, kuna mahali inatokea, na gesi mpya itatokea hapo hapo. Sura hii inahusu kupatafuta mahali hapo, kisha namna hiyo hiyo ya kutafuta tutaipeleka kwenye dashibodi nzima. Nimeona pesa nyingi zikipotea kwenye magari ya zamani kwa sababu kifaa kilinunuliwa kabla mtu hajaliuliza gari lenyewe linaumwa wapi.

## Baridi inatoka wapi

Ukipakwa spiriti mkononi kabla ya sindano unasikia ubaridi, kwa sababu kimiminika kinapogeuka mvuke hubeba joto la ngozi. AC inategemea jambo hilo hilo. Gesi iliyo katika magari ya kizazi hiki inaitwa R134a, na katika hewa ya kawaida huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Maana yake iko tayari kugeuka mvuke wakati wowote, ilimradi ipewe nafasi. Mtambo huinyima nafasi hiyo upande mmoja na kuipa upande wa pili.

Kompresa, yaani pampu inayozungushwa na mkanda wa injini, huikandamiza gesi hadi ipate shinikizo kubwa na joto kali. Gesi inakwenda kwenye kondensa, ile rejeta nyembamba iliyokaa mbele ya rejeta ya maji, ambako upepo unaiondolea joto na kuigeuza kimiminika. Inapita kwenye draya, kichupa chenye chembe za kunyonya unyevu. Halafu inabanwa ipenye tundu dogo la vali na kuingia kwenye evaporeta, iliyofichwa ndani ya dashibodi, nyuma ya kile kisanduku cha mbele ya abiria. Hapo shinikizo linashuka ghafla, kimiminika kinageuka mvuke, evaporeta inapoa, na feni inapuliza hewa kupitia hapo mpaka usoni kwako.

Unyevu wa hewa nao hugeuka matone kwenye evaporeta na kutoka nje kwa mpira mdogo. Ndiyo yale maji yanayodondoka chini ya gari unapolipaki. Ukiwa pwani, maji hayo ni dalili njema. Yakikosekana wakati AC inafanya kazi, huenda yanaingia ndani, na hilo tutalifikia.

## Inavujia wapi

Gesi haionekani, lakini husafiri na mafuta ya kulainisha kompresa. Popote inapopenya, huacha alama ya mafuta, na vumbi hunata hapo. Kwa hiyo fungua boneti mchana, chukua tochi, ufuatilie mabomba ya alumini kutoka kompresa hadi yanapoingia ukutani upande wa abiria. Mahali penye uchafu mweusi wenye unyevunyevu wa mafuta, hasa kwenye maungio, ndipo pa kuanzia.

Sehemu zinazovuja sana ni chache. Oringi, zile pete za mpira kwenye maungio, hukauka na kugeuka ngumu baada ya miaka 20. Sili ya mbele ya kompresa, panapotokea mhimili, hukauka ikiwa AC haitumiki muda mrefu. Wenye magari Arusha na Nairobi wanaoizima AC msimu wote wa baridi wakidhani wanaitunza wanaidhuru. Iwashe dakika chache kila wiki ili mafuta yafike kwenye sili. Kondensa hupigwa na kokoto za barabarani. Vali ndogo za kujazia gesi hupitisha taratibu, hasa zikikosa vile vifuniko vyake vya plastiki ambavyo mafundi huvisahau juu ya betri. Iliyo mbaya kuliko zote ni evaporeta ikitoboka, maana kuifikia kunahitaji kufungua nusu ya dashibodi.

Magari mengi ya Toyota ya miaka hiyo yana kioo kidogo cha kuchungulia, juu ya draya au kwenye bomba lake. Washa AC, weka feni juu, mtu akanyage mafuta kidogo, utazame. Mapovu mengi mfululizo yanaonyesha gesi ni pungufu. Kioo kikiwa safi kabisa na hewa haipoi, ama hamna gesi kabisa ama imejazwa kupita kiasi.

Hapo ndipo fundi mwenye geji anapohitajika. Geji zina pande mbili, shinikizo la chini na la juu. Katika vitabu vya mafundi wa Toyota, gari lenye afya, injini ikizunguka mara 1,500 kwa dakika na hewa ikiwa na nyuzi 30 hadi 35, huonyesha kilo 1.5 hadi 2.5 kwa sentimita ya mraba upande wa chini, na 14 hadi 16 upande wa juu. Pande zote mbili zikiwa chini, gesi ni pungufu. Zote zikiwa juu, gesi imezidi au kondensa haipati upepo. Upande wa chini ukiwa juu sana na wa juu ukiwa chini sana, kompresa imechoka. Mwombe fundi akuonyeshe mishale hiyo kabla hajafungua mtungi. Ni haki yako, nawe ndiye unayelipa.

Kazi ya gesi iliyokamilika huwa hivi:

1. Gesi iliyobaki inavutwa kwa mashine, haiachiwi hewani.
2. Mabomba yanapimwa kwa naitrojeni kavu au kwa rangi inayong'aa chini ya taa maalumu. Upepo wa kompresa ya matairi haufai, kwa sababu unaingiza maji.
3. Palipovuja panatengenezwa, na draya inabadilishwa, kwa kuwa ikishakaa wazi hewani imeshakunywa unyevu wa kutosha.
4. Pampu inanyonya hewa yote kwa nusu saa au zaidi, kisha inazimwa na mshale wa geji unaangaliwa. Ukipanda, bado kuna tundu.
5. Gesi inaingizwa kwa mizani, kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Gari dogo kwa kawaida huchukua kati ya gramu 400 na 600.

Hatua ya nne ndiyo inayorukwa kuliko zote, na pwani ndiyo yenye maana kuliko zote. Hewa ya Dar ina maji mengi. Maji yakibaki ndani ya mabomba hugandia kwenye tundu la vali na kuziba njia, na yakichanganyika na gesi hutengeneza asidi inayokula vyuma. Pampu inaposhusha shinikizo, maji huchemka bila kupashwa moto na kutoka kama mvuke. Fundi anayejaza gesi kwa dakika kumi chini ya mwembe hajayatoa maji hayo.

Kuna sababu nyingine ya kukataa kujaza ovyo, nayo inatuhusu sote. Magari ya kabla ya miaka ya kwanza ya 1990 yalitumia gesi ya R12, iliyoondolewa kwa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 kwa kuwa ilikuwa ikitoboa tabaka la ozoni. R134a iliyochukua nafasi yake haigusi ozoni, lakini kilo moja ikitoka hewani huongeza joto la dunia kama kilo 1,400 hivi za hewa ya ukaa. Mwaka 2016 nchi za dunia zilikutana Kigali, Rwanda, zikakubaliana kupunguza hatua kwa hatua gesi za kundi hilo. Gari linalojazwa kila baada ya miezi mitatu linaiachia hewani gesi yote hiyo.

Na wako wanaojaza gesi ya kupikia kwenye AC kwa sababu ni rahisi na inapooza kweli. Inapooza, na pia inalipuka. Evaporeta iko ndani ya chumba mlimoketi na watoto, na ikitoboka gesi inakuja humo. Usikubali, hata kwa bure.

Kwa kifupi: Tafuta alama za mafuta. Tazama kioo. Dai kuonyeshwa geji. Usilipie gesi mpya kabla ya kuonyeshwa ile ya zamani ilitokea wapi.

## Gesi ipo, baridi haipo

Mara nyingi gesi haina kosa lolote, na dalili zenyewe zinasema tatizo liko wapi, ilimradi uzisikilize kabla ya kwenda gereji.

Gari likipooza barabarani na kutoa joto kwenye foleni, shuku upepo wa kondensa. Likiwa kwenye mwendo upepo unaingia wenyewe. Likisimama linategemea feni. Washa AC ukiwa umepaki, fungua boneti, uone kama feni inazunguka. Ikiwa haizunguki, kagua fyuzi, kisha rile, yaani ile swichi ndogo ya umbo la boksi inayowashwa na umeme. Rile za Toyota nyingi zinafanana, kwa hiyo unaweza kuazima ya honi kwa dakika moja na kujaribu. Ikiwa feni inazunguka vizuri, tazama kama kondensa imejaa tope na wadudu. Ioshe kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, maana mashine ya kuoshea magari hulaza mapezi yake na kuziba njia ya hewa.

Gari likianza na baridi kali, kisha baada ya nusu saa hewa ikapungua kutoka kwenye matundu ingawa feni inalia, evaporeta imeganda barafu. Zima AC dakika kumi, acha feni. Hewa ikirudi umepata jibu: sensa ya joto ya evaporeta inadanganya, au chujio la hewa limejaa vumbi na hewa haipiti vya kutosha. Chujio hilo, magari yaliyo nalo, liko nyuma ya kisanduku cha abiria, na kulitoa hakuhitaji spana. Watu wengi hawajui kuwa lipo.

Ikiwa taa ya kitufe cha AC inapepesa badala ya kuwaka tuli, kompyuta imegundua kompresa haizunguki sawasawa na injini, ikaikata. Mkanda uliolegea au kulowa ni sababu ya kawaida, nao hukazwa kwa dakika chache. Ila kama mkanda uko sawa, shuku kompresa inayokwama, na usilazimishe.

Kompresa ikishika asubuhi na kuachia mchana wa jua, pima nafasi ya kluchi yake. Kluchi ni ile sahani ya mbele inayovutwa na sumaku ya umeme ili kompresa ianze kuzunguka. Nafasi kati ya sahani na puli, kwa kompresa nyingi za Toyota za miaka hiyo, ni milimita 0.35 hadi 0.65. Sahani ikilika, nafasi inapanuka, na sumaku iliyopata joto inashindwa kuivuta. Ndani kuna vipete vyembamba vya chuma, na kuondoa kimoja kunarudisha nafasi. Kompresa nzima nyingi zimebadilishwa kwa ajili ya kipete kama hicho.

Kuna mawili ya haraka. Feni ikifanya kazi kwenye namba ya mwisho tu, zilizokufa ni koili za kipunguza mwendo, kifaa cha bei ndogo kilichofungwa karibu na feni, nyuma ya kisanduku cha abiria. Na kapeti ya abiria ikilowa, sugua maji hayo vidoleni na uyanuse kabla ya kukata shauri. Yakiwa maji matupu, ule mpira wa kutoa maji umeziba, uzibue kwa waya laini ukiwa chini ya gari. Yakiwa ya utelezi na yana harufu tamu, hiyo ni kulanti, yaani maji ya kupozea injini, nayo ni sumu, kwa hiyo usiyaonje. Utelezi na harufu vinatosha kukuambia kuwa rejeta ndogo ya hita imetoboka.

## Paneli inayojipima yenyewe

Magari yenye AC ya kujiendesha, yaani yenye kitufe cha AUTO na namba za joto kwenye kioo, yana zawadi ambayo wamiliki wengi hawajawahi kuifungua. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1990 na mwanzo wa 2000, bonyeza AUTO pamoja na kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani, chenye mchoro wa gari na mshale unaojipinda. Ukiwa umevishikilia vyote viwili, zungusha ufunguo hadi ON. Taa za paneli zitawaka na kuzimika mara nne. Hiyo ni nafasi yako ya kuona balbu na vipande vya namba vilivyokufa. Baada ya hapo paneli inaanza kuonyesha namba:

- 00: haijaona hitilafu
- 11: sensa ya joto la ndani ya gari
- 12: sensa ya joto la nje, iliyo nyuma ya bampa ya mbele
- 13: sensa ya evaporeta
- 21: sensa ya jua, juu ya dashibodi
- 22: kompresa inakwama au mkanda unateleza
- 23: shinikizo la gesi si la kawaida
- 31 na 41: kipande kinachochanganya hewa ya moto na baridi, au mota yake

Ukimaliza, bonyeza OFF.

Angalia ile 21 kwa makini. Sensa ya jua hupima mwanga, na gari likiwa ndani ya gereji au kivulini, namba hiyo hujitokeza hata kama sensa ni nzima. Rudia kipimo juani kabla hujanunua chochote. Namba 12 nayo huonekana sana kwenye magari yaliyowahi kugongwa mbele, kwa sababu sensa hung'olewa pamoja na bampa na hairudishwi. Kompyuta ikikosa joto la nje inapanga baridi kwa kubahatisha, na mwenye gari anaendelea kulalamikia gesi.

Mota zinazosukuma vipande vya kuelekeza hewa zina meno ya plastiki. Ukisikia "tik-tik-tik" ndani ya dashibodi kila unapobadili joto, jino limevunjika. Hewa itabaki upande mmoja ilipokwamia. Fundi akikuambia evaporeta imekufa huku sauti hiyo inalia, mpeleke kwenye mota kwanza.

Paneli isiyoonekana usiku mara nyingi ina balbu za punje zilizoungua. Duka la vipuri huziuza moja moja. Unachomoa fremu ya plastiki taratibu kwa kitu bapa kilichofungwa kitambaa, unafungua skrubu chache, unaizungusha balbu robo mzunguko na inatoka. Chomoa waya hasi wa betri kabla ya kuanza.

## Fyuzi moja, kero tano

Sasa tuhamie nyuma ya usukani. Chukua gari lenye malalamiko haya: mshale wa mafuta umelala, wa joto umelala, taa ya betri haiwaki ufunguo ukiwa ON, vioo vya umeme havishuki, na taa za rivasi hazipo. Mwenye gari anaona magonjwa matano. Mtu mmoja atamuuzia mita nzima ya dashibodi, mwingine mota za vioo.

Kwenye Toyota nyingi za miaka hiyo, vyote hivyo hupata umeme kupitia fyuzi moja ya ampea 10 iliyoandikwa GAUGE kwenye kifuniko cha kisanduku cha fyuzi, karibu na goti la dereva. Ikiungua, vinakufa pamoja. Kwa hiyo vitu kadhaa visivyohusiana vikizimika siku moja, uliza kwanza vinakula wapi pamoja.

Ukiweka fyuzi mpya ikaungua tena, usiweke kubwa zaidi, wala waya, wala ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Fyuzi imeungua ili waya usiungue. Jaribu hivi: weka fyuzi ya ampea 10, washa ufunguo, kisha gusa kitu kimoja kimoja. Ikiungua pale tu unapoingiza gia ya rivasi, waya wa taa za nyuma umechubuka na unagusa bodi, mara nyingi kwenye bawaba ya buti, unapojikunja kila mara buti linapofunguliwa. Tepu ya umeme na kipande cha waya vinamaliza kazi.

Ikiwa mshale mmoja tu umelala, fyuzi haihusiki. Mshale wa mafuta unategemea boya lililo ndani ya tangi, nalo hukwama au kulika. Mshale wa spidi unategemea sensa iliyo kwenye gia boksi. Kwenye Toyota za Japani za miaka ya 1990 zisizo na tundu la kisasa la kompyuta, unaweza kusoma hata taa ya injini bila mashine. Kuna kisanduku cheusi kwenye chumba cha injini, na ndani ya kifuniko chake yameandikwa majina ya matundu. Unaunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, unawasha ufunguo bila kuwasha injini, na taa inaanza kupepesa. Mipepeso minne, kituo kifupi, kisha miwili, ni namba 42: sensa ya spidi. Miwili na miwili ni 22: sensa ya joto la maji. Hakikisha umesoma majina sawasawa, kwa maana matundu mengine yana umeme wa betri moja kwa moja.

Taa zote za dashibodi zikififia au mishale ikicheza kila unapowasha indiketa, tafuta eathi, yaani ule waya hasi uliofungwa kwenye bodi. Skrubu yake hushika kutu, hasa kwa magari ya pwani. Ikwangue ing'ae na uikaze.

Jambo moja halihitaji fundi kabisa: redio ya Japani isiyopata stesheni. Redio za miaka ile zilitengenezwa kusikia FM kuanzia megahezi 76 hadi 90, wakati stesheni zetu ziko kati ya 88 na 108. Haijaharibika. Inahitaji kifaa kidogo cha kuhamisha masafa, kinachofungwa kwenye waya wa antena.

## Mshale wa joto usioinuka

Mshale wa joto ukipanda kila mtu anaogopa. Ukikaa chini siku zote, wengi wanafurahi. Mimi huo wa chini hunitia wasiwasi.

Injini imetengenezwa ifanye kazi ikiwa ya moto. Temostati, vali inayofungwa na kufunguka kwa joto, huyazuia maji yasiende kwenye rejeta hadi yafike kama nyuzi 82. Katika gereji zetu imekuwa desturi kwamba gari likichemsha mara moja, temostati inatolewa na kutupwa. Mshale unashuka, mteja anaondoka na amani. Lakini kompyuta inaona injini ambayo haijapata moto na inaendelea kuongeza petroli, kama ifanyavyo asubuhi. Unywaji wa mafuta unapanda. Isitoshe, baadhi ya injini za Toyota zina temostati ambayo ikifunguka huziba njia ya mkato ya maji. Ikitolewa, njia hiyo inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inazunguka bila kupita kwenye rejeta. Gari hilo linaweza kuchemsha zaidi likipanda mlima wa Kitonga likiwa na mzigo.

Wakazi wa Dar hawaoni hasara ya pili, wa Njombe, Mbeya na Limuru wanaiona: hita inatoa hewa vuguvugu tu. Asubuhi ya ukungu kioo kinajaa mvuke, na dereva anafuta kwa kitambaa huku anaendesha. Dawa ya kioo ni hita na AC kwa pamoja. AC inakausha hewa, hita inaipasha moto, na kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani kinazimwa ili unyevu wa pumzi za abiria utoke. Wakati wa mvua za masika, hata pwani, njia hiyo husafisha kioo kwa muda mfupi.

Kabla ya kuamini kuwa temostati haipo, hakikisha mshale wenyewe ni mzima. Kwenye injini nyingi za zamani sensa ya geji ina waya mmoja. Uchomoe, washa ufunguo, na ugusishe ncha yake kwenye chuma cha injini kwa muda mfupi kupitia balbu ndogo ya wati 3.4, ili geji isiumie. Mshale ukipanda, geji na waya ni vizima, na tatizo liko kwenye sensa au kwenye maji.

## Taa iliyonyamazishwa

Wauzaji wachache wasio waaminifu wanajua mnunuzi huogopa taa. Badala ya kutengeneza kosa, wanatoa balbu, wanabandika tepu nyeusi nyuma ya mita, au wanaunganisha waya wa taa moja na nyingine. Inayoumiza zaidi ni ya mifuko ya hewa, iliyoandikwa SRS. Mfuko uliowahi kufumuka kwenye ajali haurudi ndani. Kifuniko kipya cha usukani kinafungwa, ndani mkiwa mtupu, na taa inafichwa ili usijue.

Kuna kipimo cha sekunde chache, nacho kifanye kabla ya kulipa hata shilingi ya arubuni. Keti, zungusha ufunguo hadi ON, usiwashe injini. Taa za injini, betri, mafuta ya injini, ABS na SRS zote ziwake. Isiyowaka imetolewa au imeungua, na muuzaji aeleze. Sasa hesabu polepole. SRS ya Toyota hujizima yenyewe baada ya sekunde kama sita, na ABS hujizima pia, wakati betri na mafuta vinabaki vinawaka kwa kuwa injini bado haijawashwa. Ikiwa SRS inang'ang'ania kuwaka na inazimika pamoja na taa ya betri mara injini inapowaka, mtu ameiunganisha nayo.

Hapo usichokonoe mwenyewe. Waya na plagi za mifuko ya hewa zina rangi ya manjano, na hata umeme mdogo wa mita ya kupimia unaweza kufumua mfuko usoni kwa fundi. Toyota inaagiza waya hasi wa betri uchomolewe na kusubiri sekunde 90 kabla ya kugusa chochote karibu na usukani, kwa sababu kompyuta ya mifuko huhifadhi umeme wa akiba. Fundi anayeanza kufungua usukani bila kuchomoa betri, msimamishe.